Mtoto akichaguliwa msaidizi wa kiongozi wa skauti

Mtoto anarudi nyumbani na habari njema: amekuwa msaidizi wa kiongozi wa patroli. Wazazi humpongeza, lakini wachache huuliza kazi yenyewe ni ipi.

Patroli ni kundi dogo la skauti, kwa kawaida watoto sita hadi wanane, linaloongozwa na mtoto mwenzao. Mtindo huo ulitumika tangu kambi ya kwanza ya Baden-Powell, mwaka 1907, katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza.

Msaidizi hushika nafasi kiongozi asipokuwepo. Huhesabu wenzake kabla ya safari, hukagua mahema, kamba na sufuria, na huwafundisha wageni kufunga mafundo. Kazi ngumu zaidi haionekani: kumtambua aliyenyamaza pembeni na kumvuta kwa wenzake.

Hata hivyo, cheo hakimfanyi kuwa mtu mzima. Ulinzi wa watoto kwenye maji, moto na barabara ni wajibu wa viongozi wakubwa. Wala hana ruhusa ya kuadhibu wenzake. Kabla ya kambi, mzazi aulize: ni watu wazima gani watakaokuwepo usiku, na mtoto akiugua nani ataarifiwa?

Nyumbani, mwacheni apange begi lake mwenyewe. Akisahau blanketi, baridi ya usiku mmoja itamkumbusha. Na akisema jukumu limemlemea, asichekwe. Asikilizwe, kisha mzazi azungumze na kiongozi wake.