DRC: Takwimu za afya ziko kwenye seva, lakini nani mwenye faili?

Kila mwezi, vituo vya afya vya Kongo hukusanya hesabu za malaria, chanjo na uzazi na kuzituma katika mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya, SNIS. Mfumo huo unatumia DHIS2, programu iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norwe. Programu hiyo inakaa kwenye seva, na usalama wa seva unaanza na swali la umiliki wa faili.

Kwenye Linux, kila faili ina mwenyewe na kundi lake, na kila programu inafanya kazi kwa jina la akaunti fulani. Juu ya akaunti zote iko root, yenye namba 0, ambayo karibu hakuna mlango unaofungwa mbele yake. Programu ikiendeshwa kwa jina la root, mwizi akipata tundu moja ndani yake anashika funguo za nyumba nzima.

Ndiyo maana mwongozo wa DHIS2 unaomba programu iundiwe akaunti yake, kwa mfano «dhis», na unaonya isiendeshwe kama root. Unashauri pia faili dhis.conf, yenye neno la siri la hifadhidata, ipewe ruhusa 600. Katika hesabu hiyo, 4 ni kusoma na 2 ni kuandika: mwenyewe anapata 6, kundi 0, wengine 0.

Hatari inakuja siku programu inakataa kufungua faili. Mafundi wengi hukimbilia ruhusa 777, yaani kila akaunti iliyo kwenye seva isome, iandike na iendeshe. Kazi inaendelea, lakini ulinzi umekwisha. Dawa ni kuangalia mwenye faili kwa amri «ls -l», kisha kumrekebisha kwa «chown».

Kwa upande wa watu, kila fundi awe na akaunti yake na atumie «sudo», ambayo huandika nani alitoa amri gani. Neno la siri moja likigawanywa kwa watu watano, takwimu zikifutwa hakuna atakayejulikana.

Fundi akiacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo. Ikifutwa bila kukagua faili zake, zile zilizo nje ya folda yake zinabaki na namba yake ya zamani, na mgeni atakayepewa namba hiyo atazirithi zote.