Mtoto anachagua, mzazi analipa: nilichojifunza kwenye duka kubwa la midoli Kariakoo



Nikisema nilifanya kazi miaka miwili kwenye duka la midoli, watu wanacheka. Wanadhani nilikuwa nalipwa kucheza. Ngoja niwaeleze ilivyokuwa, kisha niwaambie kosa nililotoka nalo pale na kuja nalo kwenye biashara yangu. Lilikaribia kunimalizia mtaji.

Duka lilikuwa Kariakoo, la ghorofa mbili. Chini jumla, juu rejareja. Mzigo mwingi ulitoka China, Yiwu na Chenghai kule Shantou, ambako viwanda vya midoli ni vingi sana. Kontena linakaa baharini wiki kadhaa, kwa hiyo bosi alikuwa anaagiza vitu vya Krismasi wakati watu hata hawajaanza kuiwaza sikukuu.

Asubuhi tunafungua katoni na kuhesabu pisi moja moja. Ikipungua na wewe ndo ulisaini, inakatwa kwenye mshahara wako. Mtoto akivunja kitu kwenye upande wako na mzazi akakataa kulipa, vivyo hivyo. Kukaa hakuna, unasimama mpaka jioni. Halafu kelele! Midoli ishirini inaimba wimbo uleule, kila mmoja umeanzia pake. Usiku nalala bado nausikia.

Kitu cha kwanza nilichofundishwa ni kupanga rafu. Bosi alisema, "Cha bei weka chini, macho ya mtoto yafike. Cha bei nafuu weka juu." Cha pili, kitu cha betri kisikae kimezimwa. Mtoto akikaribia, washa. Ukiuza kitu cha zaidi ya elfu thelathini, jioni unapewa buku yako pembeni. Nilikuwa hodari. Kuna siku za Desemba nilikuwa natoka na elfu kumi na tano juu ya posho.

Desemba moja akaja mama na mtoto wa kiume wa kama miaka minne. Akaniomba mpira wa elfu tatu. Mimi nikachukua gari la rimoti la elfu arobaini na tano, nikaliwasha, likapita katikati ya miguu ya mtoto linapiga honi.

Mnajua kilichofuata. Mtoto akajilaza sakafuni, analia. Foleni nzima ikageuka. Yule mama akambembeleza, akamkaripia, akambembeleza tena. Mwisho akafungua pochi, akahesabu noti kwenye kaunta. Akatoa na nyingine alizokuwa amezifunga kwenye leso, pembeni kabisa. Akalipa bila kuniangalia. Wenzangu wakanipongeza.

Baada ya siku nne akarudi na gari limekufa, halichaji. Sheria ya duka ilikuwa imebandikwa ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mimi ndo nikaambiwa nikamwambie. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mdogo wangu, siku ile ulimwuzia mtoto. Mimi hukuniuliza nina shilingi ngapi."

Sikumwona tena. Na duka halikupungukiwa kitu. Kariakoo, mama mmoja asiporudi, kesho wanapita maelfu wengine kutoka mikoani, wengine hata kutoka nchi jirani. Kwa hiyo sikujifunza kitu siku ile. Niliona aibu jioni moja, basi.

Nimekuja kujifunza Mbagala.

Nilipoacha kazi nilikuwa na mtaji wa laki nane. Nikafungua kibanda cha midoli karibu na nyumbani, nikakipanga kama nilivyofundishwa. Magari ya rimoti chini, midoli inayoimba mbele kabisa, yote imewashwa. Wiki ya kwanza niliuza vizuri. Ya pili kidogo. Ya tatu nikaona kitu cha ajabu: akina mama wakifika karibu na kibanda changu wanavuka barabara. Mmoja nilimwona kwa macho yangu anamfunika mtoto uso na kanga mpaka wamenipita.

Nikakaa chini nikaelewa. Mbagala hawapiti maelfu wapya. Wanapita walewale, asubuhi wakienda sokoni, mchana wakitoka kumchukua mtoto shule. Kila niliyemliza mtoto wake mbele za watu nilimuuzia mara moja, nikampoteza moja kwa moja. Ile mbinu ilikuwa ya duka lisilomhitaji mteja arudi. Mimi bila anayerudi sili.

Kodi ya mwezi wa pili nilikopa. Ndipo nikabadilisha, na haya ndo niliyobadilisha:

1. Nilipindua rafu. Chini, usawa wa macho ya mtoto, nikaweka vya mia tano mpaka elfu mbili: mipira, mapovu ya kupuliza, vigari vya kusukuma kwa mkono. Mtoto akishika chochote pale, mzazi anaweza kulipa bila kuumia. Vya bei vipo juu, na vimezimwa. Mzazi akitaka, nakishusha.

2. Naanza na mzazi. Namsalimia, namuuliza taratibu, "Mama, leo tumchagulie cha kama shilingi ngapi?" Akisema elfu mbili, naleta vitatu vya elfu mbili, mtoto anachagua hapo. Mtoto kachagua, mzazi kapanga bei, hakuna anayelia.

3. Kitu cha betri nakijaribu mbele ya mnunuzi, na nampa siku tatu. Kikifa ndani ya siku hizo kikiwa hakijavunjika, nambadilishia. Mnaogopa hasara? Mwezi wa kwanza nilibadilisha vitu viwili. Wote wawili wamekuwa wateja wangu mpaka leo. Na mimi nikinunua Kariakoo najaribu palepale kabla sijalipa. Usikubali kuambiwa "vyote vizima, kaka".

4. Angalia umri. Boksi zuri lina alama ya duara jekundu lenye uso wa mtoto na 0-3, limepigwa mstari. Maana yake mtoto chini ya miaka mitatu asipewe, kuna vipande anaweza kumeza vikamkaba. Vibetri vya duara vidogo kama sarafu ni hatari zaidi. Mtoto akikimeza kikakwama kooni, kinaweza kumuunguza ndani kwa saa mbili tu. Mimi sinunui kitu cha vibetri hivyo kama mfuniko wake haujafungwa kwa skrubu. Na mzazi akisema mtoto kameza, mwambie akimbie hospitali, asisubiri kuona dalili.

5. Usinunue katoni nzima ya kitu kimoja. Dukani tulikuwa na stoo, mzigo ukilala unalala. Kwako ukilala umelala na kodi. Sisi tuko wanne, tunachangia katoni tunagawana. Bei tunapata ya jumla, na kila mtu anaondoka na pisi sita badala ya ishirini na nne.

6. Kalenda yako iwe na Idi, siyo Desemba peke yake. Idi inarudi nyuma kama siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo usitegemee tarehe za mwaka jana. Januari usijaze mzigo, hela yote ya mzazi iko kwenye ada na madaftari. Mwezi huo mimi naongeza kalamu za rangi na vitabu vya kupaka rangi. Mzazi anaona ni vya shule, mtoto anaona ni mchezo.

Sijawa tajiri. Midoli saba inayoimba bado iko kwenye boksi chini ya kitanda, ushahidi wa mwezi wa kwanza. Lakini kodi nalipa bila kukopa, na ile barabara watu wameacha kuivuka. Yule mama wa kanga siku moja alisimama, akanunua mapovu ya mia tano. Siku hizi akiwa na haraka anamtuma mtoto peke yake na hela mkononi. Mia tano yake haizidi buku niliyokuwa napewa kwa kila gari la rimoti, ila hii inakuja kila wiki.

Duka kubwa lilinifundisha kuhesabu mzigo, kujaribu bidhaa na kusoma msimu. Hayo nayashukuru mpaka leo. Ila ukitoka kwa mkubwa kwenda kujitegemea, pitia mbinu zake moja moja na ujiulize: hii inafanya kazi kwa sababu ni nzuri, au kwa sababu yeye ana watu wengi wanaopita?

Wenye maduka ya nguo za watoto, vitafunwa vya shule, hata saluni za watoto, hili linawahusu pia. Kwenye biashara yako nani anachagua, na nani analipa? Na yule anayelipa, akitoka kwako, anatoka anatabasamu au anatoka anahesabu nauli iliyobaki?

Tuandikie hapo chini, tujifunze pamoja.