Je, umati hauna jina? Mafunzo kutoka sikukuu mbili za mbio za farasi



Katika miji yetu ya mashariki hatuna viwanja vya mbio za farasi. Lakini umati wa watu tunaujua vizuri. Tunaujua Bukavu siku ambayo Muungano na Bukavu Dawa wanakutana. Tunaujua Lubumbashi siku ya Mazembe na Lupopo. Tunaujua sokoni, kwenye matanga na kwenye maandamano. Na tunaujua pia pale mtu anapoitwa mwizi barabarani, na kwa dakika chache tu mawe na tairi vinatafutwa. Kesho yake ukiuliza ni nani aliyefanya, jibu ni moja: "Ni umati."

Neno hilo hufunga mazungumzo. Likikubaliwa, hakuna wa kuulizwa. Ndiyo sababu safari hii tunapenda kueleza sikukuu mbili za mbali, zinazokusanya makumi ya maelfu ya watu kuangalia farasi wakikimbia: moja Cheltenham, Uingereza, nyingine Siena, Italia. Mchezo unafanana, lakini watu wanavyokusanyika, wanavyoshangilia, wanavyogombana na wanavyorudi nyumbani havifanani hata kidogo. Tukielewa tofauti hiyo inatoka wapi, hatutasema tena kwa urahisi kwamba umati hauna akili.

Cheltenham: siku nne, na moyo unaopanda na kushuka

Uwanja wa Cheltenham uko chini ya kilima kinachoitwa Cleeve Hill. Kila mwaka mwezi wa tatu, kuanzia Jumanne hadi Ijumaa, farasi wanashindana huko katika mbio za kuruka viunzi. Mbio ni saba kwa siku, na kubwa kuliko zote, Gold Cup, inakimbiwa siku ya Ijumaa. Mwaka 2022 walioingia katika siku zile nne walipita 280,000. Mwaka uliofuata waandaaji waliamua kwamba kwa siku moja wasizidi 68,500, ili watu wapate nafasi ya kutembea na kupumua. Wengi huvuka bahari kutoka Ireland, kwa sababu farasi wa kwao wanashinda sana pale, na kwa sababu sikukuu yao ya Mtakatifu Patrick, tarehe 17 Machi, inaangukia siku hizo au karibu nazo.

Jambo la kwanza ambalo kila mgeni husimulia ni ile kelele. Siku ya kwanza, mara tu farasi wa mbio ya kwanza wanapoondoka, umati wote unapaza sauti moja kama ngurumo. Hawamshangilii farasi yeyote. Wanashangilia kwamba mwaka mzima wa kungoja umekwisha. Hapo tunaona namna hisia zinavyosambaa: watu wote wanaangalia upande mmoja, wote wamengoja kitu kimoja, na kila mmoja anasikia maelfu wakipiga kelele kando yake. Mapigo ya moyo yanaongezeka, haya inapungua, na mtu ambaye nyumbani ni mpole anajikuta akipaza sauti pamoja na asiowajua. Hakuna aliyewaamuru.

Jambo la pili ni pesa. Kamari pale ni halali na inafanyika wazi. Wapokea dau husimama mbele ya majukwaa na vibao vyao, na kiasi wanachoahidi kulipa kinabadilika mpaka mbio inapoanza. Mtu aliyeweka pauni kumi juu ya farasi si mtazamaji tena. Farasi yule amekuwa wake kwa dakika chache. Akishinda, atamkumbatia mtu asiyemfahamu. Akishindwa, ana zaidi ya nusu saa ya kungoja mbio inayofuata, na katika nusu saa hiyo kuna milango miwili iliyo wazi: kuweka dau lingine ili arudishe alichopoteza, au kwenda kunywa. Mara saba kwa siku moyo wa umati unapanda na kushuka namna hiyo.

Tusiseme kwamba furaha yao ni ya uongo. Mwaka 1986 farasi jike kutoka Ireland, Dawn Run, alishinda Gold Cup baada ya kuwa ameshinda mbio kubwa nyingine ya hapo hapo, Champion Hurdle, miaka miwili mbele. Hakuna farasi mwingine aliyewahi kushinda zote mbili. Watu walifurika mpaka ndani ya sehemu anapopokelewa mshindi, wakirusha kofia juu. Wazee wa mchezo huo wanaizungumzia siku ile mpaka leo.

Lakini pombe ikizidi, umati ule ule unageuka. Mwaka 2018 waandaaji waliweka kikomo: mtu mmoja asiuziwe zaidi ya vinywaji vinne kwa mara moja. Angalieni vizuri aina ya dawa waliyotumia. Haikuwa hotuba juu ya maadili, ilikuwa kanuni ya kaunta. Watu waliokusanywa na tiketi, dau na kinywaji hawajuani, na wakitawanyika Ijumaa jioni hakuna anayewajibika kwa mwenzake. Kwa hiyo wa kuwazuia wanabaki mlinzi, polisi na muuzaji.

Siena: umati wenye majina

Siena ni mji wa zamani wa Italia ya kati. Mbio zake zinaitwa Palio, na zinafanyika mara mbili kwa mwaka, tarehe 2 Julai na tarehe 16 Agosti, katika uwanja wa katikati ya mji, Piazza del Campo. Udongo unamwagwa juu ya mawe kuuzunguka uwanja, farasi kumi wanazunguka mara tatu, wapanda farasi hawana tandiko, na yote yanakwisha kwa dakika moja na nusu au chini ya hapo. Watu wanasimama katikati, bila kulipa, wamebanana chini ya jua kwa saa nyingi.

Wanaoshindana si matajiri wenye farasi. Ni mitaa ya mji. Siena imegawanyika katika mitaa 17 inayoitwa kontrada, na kila moja ina jina na bendera yake: Twiga, Kobe, Tai, Konokono, Wimbi, Mnara na mengineyo. Mipaka yao iliwekwa kwa amri ya mwaka 1729 na inafuatwa mpaka leo. Kila kontrada ina kanisa lake dogo, jumba la kumbukumbu, chemchemi ambapo watoto wanapokelewa rasmi kuwa wanachama, na viongozi wanaochaguliwa. Mmoja anashughulikia mbio, mwingine anaongoza maisha ya mtaa mwaka mzima. Watoto wanajifunza kupiga ngoma na kurusha bendera. Usiku wa kuamkia mbio, mtaa mzima unakula pamoja kwenye meza ndefu barabarani, na vijana ndio wanaowahudumia wakubwa.

Farasi wenyewe wanagawanywa kwa kura, kwa hiyo mtaa unaweza kupata farasi mzuri au mbovu. Mchana wa mbio, farasi anaingizwa ndani ya kanisa la mtaa wake na padri anambariki, akimtuma aende na arudi na ushindi. Farasi akiacha kinyesi humo ndani, watu wanafurahi, wanasema ni bahati njema. Sisi Waprotestanti tunaweza kushtuka, na mazungumzo juu ya baraka ile yana nafasi yake siku nyingine. Hapa tunataka tu kuonyesha kwamba pale hakuna anayekuja kwenye mbio peke yake. Hata farasi ametumwa na watu.

Jioni, kabla ya mbio kuanza, linatokea jambo linalowashangaza wageni. Nafasi za farasi kwenye kamba ya kuanzia zimepangwa kwa kura na kufichwa katika bahasha. Bahasha inapofunguliwa na majina ya mitaa kuanza kusomwa, uwanja wote unanyamaza. Makumi ya maelfu ya watu waliokuwa wakiimba na kutukanana wanakaa kimya, kwa kuwa kila mtu anataka kusikia jina la kwake na jina la adui yake. Hakuna polisi anayeweza kuleta kimya cha namna hiyo kwa nguvu.

Tumesema adui, na si kwa kuongeza chumvi. Kontrada nyingi zina adui wa kudumu, mara nyingi jirani wa mpaka mmoja. Kwao kushindwa si vibaya sana kama kumwona adui akishinda. Mbio zikiisha, washindi wanakimbia na bendera ya ushindi mpaka kanisani kutoa shukrani, wakilia kwa furaha, na wengine wanalia kwa uchungu. Ngumi zinaweza kutokea. Lakini kwa desturi ni ngumi, si silaha, na wakubwa wa mitaa wanaingia kati. Kuna jambo lingine kubwa zaidi: vijana wa kontrada wakivuka mpaka, mji unaweza kuufungia mtaa wao wote usishiriki mbio zijazo. Kosa la wachache linalipwa na bibi, mtoto na mpiga ngoma. Ndiyo maana bibi anamjua kila kijana na anamwita kwa jina.

Tofauti inatoka wapi?

Haitoki kwenye damu. Waitaliano si wapole kuliko Waingereza, na Waingereza si walevi kwa kuzaliwa. Hata idadi ya watu haitoshi kueleza, kwa sababu Siena watu wanabanana kuliko Cheltenham. Sisi tunaona mambo matatu.

La kwanza ni kujulikana. Kijana wa Siena yuko katikati ya umati, lakini kitambaa cha shingoni kinaonyesha mtaa wake, na kando yake amesimama mjomba wake. La pili ni kikomo. Uadui wao una siku zake, mahali pake na sheria zake; mbio zikipita, watu wanarudi kazini na kununua mkate kwa jirani yule yule. La tatu ni kujibu. Umati ukikosea, kuna wa kuitwa na kuna adhabu inayojulikana tangu mwanzo.

Tunayaona hayo hayo katika Matendo ya Mitume sura ya 19. Umati wa Efeso ulipiga kelele kama saa mbili, na Luka anaeleza kwamba wengi hawakujua hata sababu ya kukusanyika. Aliyewatuliza ni karani wa mji, mtu waliyemjua. Hakuwatisha kwa fimbo. Aliwakumbusha kwamba mahakama zipo, na kwamba mji wenyewe utatakiwa kutoa maelezo juu ya ghasia ile.

Tusiisifu Siena kupita kiasi. Farasi kadhaa wameumia na kufa kwenye kona kali ya San Martino, hata baada ya kuta kuwekewa magodoro na farasi kupimwa na waganga wa wanyama. Mitaa inahongana kwa siri, na mpanda farasi aliyekodishwa anaweza kununuliwa na adui. Na kupendana sana ndani ya mtaa kunaweza kufundisha mtoto kumchukia jirani kabla hajajua kusoma. Kujulikana peke yake hakutoshi. Sisi wa mashariki tunajua kwamba kundi linaloitana kwa majina linaweza pia kufanya ubaya mkubwa, kama hakuna kikomo na hakuna wa kujibu. Yale mambo matatu yanatembea pamoja.

Na sisi je?

Vijana wetu wanaingia kwenye umati karibu kila juma. Wanakwenda mpirani, na wengi wanakwenda wakiwa wameweka pesa kwenye kamari ya mpira, kwa hiyo wanabeba moyo ule wa Cheltenham unaopanda na kushuka, na mfuko ulio mtupu. Wanapita barabarani wakati kelele za "mwizi!" zinapoanza. Pale hakuna kaunta yenye kanuni, na mara nyingi polisi wako mbali.

Lakini sisi tunacho kile ambacho Cheltenham haina. Tuna avenyi zenye wakuu wake, tuna kwaya, tuna vikundi vya akina mama, tuna wazee wa kanisa wanaojua kijana huyu ni mtoto wa nani. Kwa hiyo tunaomba kila jumuiya ikae na kujibu maswali haya matatu. Vijana wetu wakienda mpirani, ni mkubwa gani anakwenda nao? Mchezo ukiisha, ni siku gani tunakaa meza moja na wale wa upande wa pili? Na mtu akikamatwa barabarani na umati, ni nani kati yetu atakayeita vijana kwa majina yao, kwa sauti, mmoja mmoja, na kumpeleka yule mtu kwa mkuu wa avenyi akiwa hai?

Hilo la mwisho lisingoje siku lenyewe litokee. Lipangwe sasa, na watu wawili au watatu katika kila jumuiya wajulikane. Maana kijana aliyeitwa kwa jina lake mbele ya mama yake, jiwe likiwa bado mkononi, anajua kwamba kesho hataweza kusema: "Ni umati."