Vumbi la Angani na Nguvu za Jua

Karibu kila mkulima amekwisha kuona jambo hili. Wakati wa kiangazi, watu wakichoma mabua na vichaka, jua la jioni hushuka likiwa jekundu kama kaa la moto, na milima ya mbali haionekani. Wengine husema ni dalili ya mvua, wengine ya ukame. Lakini sababu yake yafahamika: hewa imejaa chembe za moshi na vumbi, ndogo hata jicho haliwezi kuiona moja peke yake.

Ukitaka kuhakikisha, tia matone machache ya maziwa katika bilauri ya maji safi, kisha umulike kwa tochi gizani. Mwanga unaopenya hadi upande wa pili utakuwa hafifu na wenye wekundu. Uliobaki umetawanywa pande zote na maziwa. Chembe za angani hufanya vivyo hivyo. Sehemu ya mwanga wa jua hurudishwa juu, isifike shambani.

MWAKA ULIOKOSA JOTO

Mwezi wa Aprili 1815 mlima wa Tambora, katika nchi iitwayo sasa Indonesia, ulilipuka. Pamoja na majivu, ulirusha juu sana gesi ya salfa, ambayo iligeuka kuwa matone madogo mno, na upepo ukayatandaza duniani. Mwaka wa 1816 baridi kali iliingia mwezi wa Juni, wakati wa joto, kaskazini-mashariki ya Marekani, ikaua mahindi mashambani. Ulaya Magharibi nako mavuno yaliharibika, bei ya nafaka ikapanda, na watu wengi wakaona njaa.

Tarehe 15 Juni 1991 mlima wa Pinatubo, Ufilipino, ulilipuka pia. Safari hii wataalamu walikuwa na vyombo vya kupimia. Joto la dunia kwa wastani lilipungua karibu nusu digrii ya Sentigredi. Baada ya miaka michache chembe zilikuwa zimeanguka, na joto likarudi.

JE, TUCHOME MABUA ZAIDI?

Huenda mtu akasema, "Ikiwa moshi hupoza dunia, nami nitie moto shamba langu!" Sivyo, na sababu ni hizi:

Kwanza, moshi wa shamba haupandi juu kama ule wa volkano. Mvua na upepo huuondoa katika siku au majuma machache. Lakini gesi ya kaboni inayozidisha joto la dunia, ambayo hutoka zaidi katika makaa ya mawe na mafuta yanayochomwa viwandani na katika magari, hukaa angani miaka mamia.

Pili, masizi meusi hayarudishi mwanga, bali huunyonya, kama bati jeusi linavyopata moto juani. Hivyo hupasha hewa joto.

Tatu, kila tone la wingu huanza juu ya chembe ndogo. Chembe zikizidi mno, maji hugawanyika katika matone madogo sana, ambayo huenda yasiungane upesi kuwa mvua.

Nne, moto huunguza chakula cha udongo, hasa naitrojeni, ambacho baadaye utakinunua dukani kwa gunia. Na moshi wenyewe huumiza vifua vya watoto wako.

Hewa yetu nayo huchunguzwa: mwaka wa 1999 kituo cha kuipima kilifunguliwa juu ya Mlima Kenya, kwenye kimo cha mita 3,678.

LA KUFANYA

Basi, mkulima, baada ya kuvuna usikimbilie kiberiti. Mabua mazuri walishe ng'ombe. Yaliyobaki yakate, uyatandaze yafunike udongo, au uyatie katika shimo la mboji pamoja na samadi. Ikiwa yana ugonjwa au wadudu, mwulize Bwana Shamba kwanza. Volkano hatuwezi kuizuia, wala mvua hatuiamuru. Lakini moshi wa shamba lako u mikononi mwako.