Je, Wajua? Kibra, ardhi ya ahsante isiyo na hati

Je, wajua kuwa Sarang'ombe, moja ya wadi tano za Kibra jijini Nairobi, ni sehemu ya ardhi waliyopewa askari? Askari hao, Wanubi wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles, hawakulipwa pensheni. Badala yake, Waingereza waliwaruhusu kukaa msituni, wakafuga ng'ombe na kulima. Kufikia 1918 eneo lililotengwa lilikuwa karibu ekari 4,200.

Je, wajua kuwa askari alipewa ruhusa tu, si hati? Mwaka 1928 jeshi liliikabidhi Kibra kwa utawala wa kiraia. Tume ya Ardhi ya Carter, iliyotoa ripoti 1934, ilisema Wanubi ni wapangaji wa Serikali wanaoweza kuondolewa, ila ikataka wakiondolewa wapewe ardhi kwingine na fidia.

Je, wajua kuwa mwanahistoria Timothy Parsons aliandika makala kuhusu Kibra mwaka 1997? Anaeleza jinsi askari hao wastaafu walivyoshikilia utumishi wao vitani kama dai la ardhi. Mbali na kilimo na mifugo, pato lao jingine lilikuwa pombe kali waliyopika nyumbani, maarufu kwa jina la jini ya Kinubi, ambayo Serikali iliipiga marufuku.

Je, wajua nani alikuja baada ya uhuru wa 1963? Vizuizi vya kikoloni vya kuingia Nairobi vilipokwisha, watafuta kazi walimiminika. Mwenye ploti alipata idhini ya chifu, akasimamisha kuta za udongo na paa la mabati, akapangisha chumba cha futi 10 kwa 10. Kodi ililipwa kila mwezi. Hati ya ardhi haikuwepo.

Je, wajua kuwa hesabu ya wakazi imezua ubishi? Kwa miaka mingi ilisemwa mtaa wa mabanda wa Kibera, ulio Kibra, una watu milioni moja. Sensa ya 2009 ilihesabu 170,070.

Je, wajua hati ilikuja lini? Juni 2017, Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi hatimiliki ya ekari 288, chini ya asilimia 7 ya eneo la 1918. Wapangaji wa Sarang'ombe wangali wanalipa kodi kwa nyumba zilizosimama juu ya ardhi ya Serikali. Ahsante ya mdomo hairithiwi. Anayepewa ardhi na adai karatasi siku hiyohiyo.