Kidonda cha moto kimepona, shingo haigeuki: Mzazi afanye nini?

Kilosa. Jioni katika nyumba nyingi za Magomeni, mjini Kilosa, chakula hupikwa chini, kwenye mafiga au jiko la mkaa. Ni usawa ule ule anaotembea mtoto wa miaka 2. Inatosha mama kugeuka kuchukua mwiko. Sufuria inavutwa, uji unamwagikia kidevu, shingo na kifua.

Kidonda kikifunga, familia humshukuru Mungu na kuona yamekwisha. Kwa shingo, huenda tatizo jingine ndiyo kwanza linaanza.

Kovu linapovuta

Kidonda cha moto kilichoingia ndani hupona kwa kujikunja, na shingoni ngozi ni laini, inavutika kirahisi. Mtoto naye, akikwepa maumivu, hulala ameinamisha kichwa. Mkao unaompa nafuu ndio huo huo unaomfunga.

Wiki baada ya wiki kidevu hushuka kuelekea kifuani. Mdomo wa chini huvutwa, mate humtoka na kula kunakuwa kwa tabu. Akianza shule, kutazama ubao ni kazi. Mtoto anakua lakini kovu halikui naye, na likiachwa kwa miaka, hata taya linaweza kukua vibaya.

Wapo wanaofichwa ndani kwa aibu, wakati hali hii inatibika.

Ngozi yake mwenyewe

Daktari bingwa wa upasuaji rekebishi hukata kovu na kuiachia shingo inyooke. Pengo linalobaki huzibwa kwa ngozi ya mtoto mwenyewe. Ngozi ya mtu mwingine, hata ya mama yake, haidumu kwa sababu mwili huikataa.

Mara nyingi huchukuliwa ngozi nyembamba ya pajani. Njia nyingine ni kugeuza kipande kinene cha ngozi kutoka begani au kifuani bila kukata mshipa wake wa damu, ili kiendelee kuishi mahali papya. Penye vifaa vya kutosha, kipande huweza kutolewa mbali kabisa, kisha mishipa yake ikaunganishwa na ya shingoni kwa msaada wa darubini.

Hata dawa ya usingizi hapa inahitaji mtaalamu mzoefu, kwani shingo iliyoinama hufanya iwe vigumu kupitisha mpira wa kupumulia. Ndiyo maana operesheni hii haifanyiki kila hospitali.

Utaalamu huu una historia Afrika Mashariki. Archibald McIndoe, aliyejulikana Uingereza kwa kutibu marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili, alikuwa mmoja wa madaktari watatu walioanzisha huduma ya madaktari wa ndege mwaka 1957, ambayo leo ni Amref. Wenzake walikuwa Michael Wood na Thomas Rees. Wote watatu walikuwa mabingwa wa upasuaji huu.

Leo upasuaji huo unapatikana Dar es Salaam, ikiwemo Muhimbili na CCBRT.

Safari si moja

Kwa mzazi wa Magomeni, njia huanzia hospitali ya wilaya, anakopata barua ya rufaa kwenda mkoani Morogoro au Dar es Salaam. Ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini ndiyo ya kuuliza kuhusu msamaha wa gharama.

Jambo ambalo familia nyingi hazilipigii hesabu ni marudio. Ngozi iliyopandikizwa nayo hujikunja. Mtoto huvaa kola ya shingo kwa miezi, hufanya mazoezi kila siku na kurudi kliniki. Nauli ikipangwa ya operesheni pekee, shingo inaweza kurudi ilikokuwa.

Saa ya kwanza, wiki za kwanza

Mtoto akiungua, eneo lipozwe kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Barafu isitumike. Nguo iliyolowa maji ya moto ivuliwe, isipokuwa iliyoganda kwenye ngozi. Dawa ya meno, mafuta, yai na unga visipakwe. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi, na mtoto apelekwe hospitali hata kama amenyamaza, kwani moto ulioingia ndani sana huweza usiume.

Kidonda cha shingo kinapotibiwa, mzazi amuulize mhudumu namna ya kumlaza. Kwa kawaida mto huondolewa kichwani na kitambaa kilichokunjwa huwekwa chini ya mabega, kidevu kikae juu. Mtoto atalia, na mama atatamani kumrudishia mto. Asimrudishie.

Na kama kidevu kimeshashuka, aanze kwa kuomba rufaa. Hata aliyekaa hivyo miaka mingi anaweza kufanyiwa upasuaji.