Mawe Yaliyopandana: Nani Aliyeyapanga?

Msafiri atokaye Manyoni kwenda Tabora kwa reli ya kati huona vilima vya mawe matupu, na juu yake pengine bonge lenye ukubwa wa nyumba limelikalia jingine kwa sehemu ndogo tu. Wapagazi wa misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji waliyajua mawe hayo vema. Katika nyika kame ya Mgunda Mkali kituo kimojawapo kiliitwa Jiwe la Mkoa. Burton, aliyepita hapo mwaka 1857, alilifasiri jina hilo kuwa jiwe la mviringo. Mvua haipenyi mwamba mzima, bali hutelemka na kukusanyika katika mabonde ya juu yake na miguuni pake. Kwa mtu mwenye mzigo wa frasila mbili kichwani, jiwe lilikuwa dalili ya maji.

Mwamba huo ni itale, yaani graniti, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Iliganda chini sana ya ardhi. Miamba iliyoilemea ilipoondolewa, ilitanuka ikapasuka, nyufa zikakatana. Tusilolikumbuka mara nyingi ni kwamba sehemu kubwa ya uchongaji hufanyika udongoni. Maji yaliyochukua kaboni dayoksaidi hupenya nyufa na kugeuza feldispa kuwa udongo wa mfinyanzi, kwatzi ikabaki mchanga. Uso bapa hushambuliwa upande mmoja, ukingo pande mbili, pembe pande tatu. Basi pembe huisha kwanza, na bonge hubaki mviringo. Kisha mmomonyoko huosha udongo ule, mabonge yakabaki wazi yamekaliana. Jiwe halikupandishwa, ardhi ndiyo iliyoshuka.

Na jua je? Sisi tulifundishwa kwamba joto la mchana na baridi ya usiku zatosha kupasua mwamba. Mwaka 1936 Griggs wa Marekani alikipasha moto na kukipoza kipande kikavu cha graniti mara 89,400, sawa na miaka 244 ya mchana na usiku. Hakikubadilika. Alipokipoza kwa maji, dalili zilionekana upesi. Kipande kidogo si kilima, ni kweli, lakini somo juu ya maji halikupingika.

Moto wa kuni ni habari nyingine. Wavunja kokoto huuwasha juu ya mwamba, na kwa saa chache tabaka hubanduka.

Bonge halianguki maadamu mstari wa wima kutoka kitovu cha uzito wake huangukia ndani ya kikalio chake. Hiki kikimegwa kidogo upande mmoja, mstari hutoka nje. Kaskazini, mjini Mwanza, watu hupiga picha Jiwe la Bismarck ziwani. Lakini nyuma yao, vilimani, nyumba zimejengwa chini ya mabonge kama hayo, na kokoto huvunjwa papo hapo. Mwalimu apelekaye wanafunzi huko awaonyeshe kwanza kikalio, nao wasimame upande wa juu wa mteremko.